Hela imeingia kweli? Mwongozo wa malipo kwa wauzaji wa mtandaoni wa Mtwara na Lindi

Anayeuza mtandaoni akiwa Mtwara, Lindi au Masasi ana shida moja ambayo mwenzake wa Kariakoo hana, nayo ni basi. Mteja yuko Dar, Dodoma au Mwanza. Mzigo wa korosho zilizobanguliwa, dagaa au kinyago cha Kimakonde unapanda basi alfajiri, na ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, kuurudisha ni kazi. Tapeli anaijua saa hiyo. "Dada nimeshatuma, basi lisikuache" ni sentensi ya kukuzuia usifanye jambo la dakika mbili, yaani kufungua akaunti yako na kuangalia.

Maelezo haya yanamhusu anayeuza kwa WhatsApp, Instagram, Facebook au TikTok na kulipwa kwa M-Pesa, Mixx by Yas (Tigo Pesa ya zamani), Airtel Money, HaloPesa au benki.

Laini ya malipo iwe peke yake

Sajili laini ya biashara kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usitumie laini ya shemeji wala ya kijana wa dukani, kwa sababu akaunti ikifungiwa wakati wa uchunguzi, mwenye kitambulisho ndiye anayesikilizwa. Ukishasajili, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe, maana ikitumika kwenye utapeli jina litakalosomeka ni lako.

Laini hiyo iweke kwenye kiswaswadu. Simu ya vitufe haipakui programu, kwa hiyo mtu akikutumia "risiti" ambayo kumbe ni programu ya kusoma meseji, haina pa kukaa. WhatsApp na kurasa za biashara zibaki kwenye simujanja yenye namba nyingine.

Biashara ikikua, omba Lipa Namba kwa wakala au duka la mtandao. Faida yake kubwa ni kwamba mteja anaona jina la biashara kabla hajaingiza namba ya siri. Mwambie jina hilo mapema, neno kwa neno: "Litatokea jina hili. Likitokea jingine, usilipe." Ukiwa na stika yenye namba au alama ya TANQR (ile ya kuskani kwa simu ili kulipa) mezani au gengeni, iangalie kila asubuhi. Stika hubandikwa juu ya stika, na hela ya siku nzima ikaenda kwa mtu mwingine huku wateja wakiwa wamelipa kwa moyo safi.

Kila jioni hamisha salio kwenda benki au kwenye laini ya akiba isiyojulikana na mteja yeyote. Bakiza 20,000 au 30,000 za chenji na boda.

Oda inapoingia

Mambo matatu yajulikane kabla hujataja namba ya kulipia: nani anaagiza, nani atalipa, nani atapokea. Mara nyingi ni mtu mmoja. Wakiwa wawili au watatu, andika majina na namba zao zote. Anayekasirika kuulizwa swali hili kwa oda ya kilo 10 amekupa taarifa ya kutosha.

Kisha weka masharti kwa maandishi. Kwenye WhatsApp ya biashara unaweza kuhifadhi jibu la haraka la namna hii:

"Asante kwa oda. Malipo yafanywe na mtu uliyemtaja, kwa kiasi kamili kilichoandikwa hapa chini. Mzigo unaosafiri alfajiri hulipiwa kabla ya saa 2 usiku wa siku iliyotangulia. Tunathibitisha kwa salio letu, hatupokei picha wala meseji ya kusambazwa. Mpokeaji habadilishwi baada ya malipo. Hela ikizidi inarudi kwenye namba ileile iliyolipa."

Sharti la saa 2 usiku ndilo linalolindwa kidogo kuliko yote, na ndilo linaloumiza. Wauzaji wengi wanalitangaza, kisha saa 10 na nusu alfajiri wanalivunja kwa mteja mmoja "mwenye haraka". Hela ikiingia baada ya saa hiyo, mzigo unasubiri basi la kesho. Mteja wa kweli atanung'unika na kukubali.

Jambo la pili ni kiasi chenyewe. Usiwape wateja wawili bei inayolingana kwa siku moja. Tuseme watu wawili wanataka kilo 2, na bei ni 50,000. Mmoja mwambie alipe 49,970, mwingine 49,940. Mkia huo mdogo wa punguzo unatenganisha malipo. Bila mkia hutokea hivi: mmoja amelipa kweli, wa pili ametuma picha ya muamala wa uongo. Wewe unaona salio limepanda 50,000, unaamini umelipwa, mizigo miwili inaondoka. Kosa kama hili hugunduliwa siku tatu baadaye, wakati wa kupiga hesabu.

Kuhakiki, kwa mpangilio huu

1. Picha ya muamala iliyotumwa na mteja isikushughulishe. Kubadilisha jina, kiasi na saa kwenye skrinshoti ni kazi ya dakika chache, na hakuna jicho linaloweza kuitambua kila mara.

2. Chukua simu ya malipo uone ujumbe umetoka wapi. Ujumbe halali huja kwa jina la huduma. Ukitoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, ni uongo hata kama maneno yake yote yako sawa. Lakini jina sahihi nalo halitoshi, kwa sababu jina la mtumaji linaweza kughushiwa na ujumbe ukaingia katikati ya jumbe zako za halali.

3. Soma salio jipya lililo ndani ya ujumbe. Hapa ndipo tapeli hukwama, kwa kuwa hajui ulikuwa na kiasi gani. Daftari linasema salio lilikuwa 86,500. Mteja ametuma 250,000. Ujumbe lazima useme 336,500. Ukisema 412,000, au sehemu ya salio imeachwa, hakuna kilichoingia. Ndiyo maana si vizuri kuweka picha za miamala yako kwenye status ili kuonyesha kwamba biashara inakwenda: unampa tapeli mpangilio wa ujumbe, mfano wa namba ya kumbukumbu na salio lako kwa pamoja.

4. Piga menyu mwenyewe, kwa vidole vyako, uangalie salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa na wala usifuate maelekezo ya mtu aliye hewani. Mwenye Lipa Namba aangalie kwenye menyu ya mfanyabiashara, maana salio la huko na la laini ya kawaida ni vitu viwili.

5. Fungua orodha ya miamala ya karibuni. Tafuta kiasi chenye mkia wake, jina na namba ya aliyelipa.

6. Andika kwenye daftari: tarehe na saa, jina la mteja, jina lililotokea kwenye muamala, namba ya kumbukumbu, kiasi, salio kabla na salio baada. Acha nafasi mbili za basi na namba ya risiti ya mzigo.

Menyu isipofunguka kwa sababu mtandao unasumbua, mzigo haujalipiwa. Hali kadhalika mteja anapolipa kutoka benki na kusema kwake hela imekatwa lakini kwako haijaonekana. Huenda anasema kweli, kwani miamala ya benki kwenda simu hukwama mara nyingine. Anayefuatilia ni yeye kwa benki yake. Kazi yako ni kusubiri.

Hela ya kweli, mteja wa uongo

Wizi huu unahitaji uangalifu zaidi kwa sababu hatua zote sita hapo juu zitakuonyesha kwamba umelipwa. Na umelipwa kweli.

Unafanyika hivi. Tapeli anatangaza pikipiki kwa bei ya kutupa kwenye kundi la Facebook. Mtu wa Morogoro anaitaka, anaambiwa atangulize 250,000 kwa "wakala wetu wa Mtwara". Wakati huohuo tapeli anaongea na wewe, ameagiza kilo 10 za korosho za 250,000, na namba uliyompa ndiyo anayoipeleka Morogoro. Hela inaingia, salio linapanda, unapeleka mzigo stendi. Tapeli anaupokea Mbagala au Mbezi na kuuza siku hiyohiyo. Pikipiki haifiki. Mtu wa Morogoro anakwenda polisi na kitu kimoja tu mkononi: jina lako na namba yako.

Alama zake ni hizi. Jina kwenye muamala si la aliyeagiza, na hakukutajia mlipaji mapema. Habishani bei, hata nauli haulizi. Anachagua bidhaa inayouzika haraka popote. Anakubembeleza usimpigie mlipaji, "yuko kikaoni" au "ni bosi wangu". Hela ikishaingia anabadilisha mpokeaji au kituo cha kupokelea. Na sharti lako la mkia linamsumbua, kwa kuwa pikipiki ya 250,000 hailipiwi 249,970 bila mnunuzi kuuliza kwa nini.

Dawa ni simu moja. Jina likiwa geni, mpigie aliyelipa kwa namba iliyo kwenye ujumbe wa muamala, usitumie namba atakayokupa mteja. Uliza hivi na unyamaze: "Nimepokea hela yako, unalipia nini?" Usimtajie korosho, maana ukitaja atasema ndiyo kwa kudhani ni lugha ya wakala. Akisema korosho kilo 10 za fulani, endelea. Akisema pikipiki, kiwanja, simu au mkopo, simamisha mzigo, mweleze yaliyotokea, na umwambie apige 100 kwa mtandao wake aombe muamala urudishwe. Wewe nawe piga 100 utoe taarifa. Usiitumie hela hiyo wala kuihamisha hadi suala liishe, na kamwe usiirudishe kwenye namba anayokupa "mteja".

Amezidisha, amekosea, anaomba arudishiwe

Ujumbe unaingia: umepokea 450,000. Simu inafuata, sauti ya mtu anayehema: "Mama, nimekosea, nilitakiwa nitume 45,000, mtoto yuko hospitali, nirudishie ya juu." Ujumbe ni wa uongo, na hela utakayorudisha itatoka mfukoni mwako. Hatua ya 3 na ya 4 zinamaliza mambo haya kwa dakika moja.

Ikiwa hela imeingia kweli, bado usirudishe kwa mkono. Mwambie aliyetuma aombe urejeshaji kupitia menyu au huduma kwa wateja, namba 100. Sababu ni kwamba ukimrudishia mwenyewe, kisha naye akaomba mtandao umrudishie, unaweza kupoteza mara mbili.

Wizi wa upande wa pili ni wa mteja anayelipa, anapokea mzigo, halafu anaudanganya mtandao kwamba alikosea namba. Hapo kinachokuokoa ni ushahidi uliokusanya kabla: mazungumzo ya oda, kiasi chenye mkia kinacholingana na oda hiyo, risiti ya basi. Usifute mazungumzo ya mteja kwa miezi mitatu, hata kama simu imejaa. Futa video za harusi.

Oda kubwa za "taasisi"

Mtu anajitambulisha kuwa afisa manunuzi wa shule, hoteli au kambi, anataka kilo 200, na barua yenye nembo anakutumia. Kisha kinatokea kikwazo: ulipe kwanza ada ya usajili wa mzabuni, au fomu, au "asante" ya mhasibu. Hakuna mnunuzi halali anayeanza kwa kuchukua hela ya muuzaji kwa namba binafsi ya simu. Tafuta mwenyewe namba ya taasisi hiyo, au nenda ofisini kwao kama ipo mjini.

Namna ya pili ni hundi. Mteja anatuma picha ya karatasi ya benki inayoonyesha ameweka 4,000,000 kwenye akaunti yako, na kweli ukiangalia unaona kitu. Hundi iliyowekwa inaweza kuonekana kwenye akaunti kabla haijalipwa na benki iliyoitoa. Isipokuwa na fedha, au ikiwa ya kughushi, inarudi na maandishi yanafutika. Uliza tawi lako swali moja: "Naweza kuitoa yote sasa hivi?" Kama jibu ni hapana, mzigo haujalipiwa.

Na anayekupigia akitaka tani za korosho ghafi moja kwa moja kutoka kwako, achana naye bila mjadala. Korosho ghafi za mikoa hii huuzwa kwa minada kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na stakabadhi ghalani, na ufuta hali kadhalika. Anayekwepa njia hiyo ama ni wa kangomba (ununuzi wa korosho wa magendo) ama ni tapeli, na vyote viwili vitakufikisha pabaya.

Stendi na boda

Mzigo unapopelekwa Mkanaledi au stendi nyingine, risiti ya mzigo iandikwe jina kamili la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, pamoja na namba ya simu iliyotumika kuagiza. Piga picha mzigo uliofungwa na risiti yake vikiwa pamoja. Namba ya risiti usiitume usiku. Itume basi likiwa limeshaondoka. Kuna matapeli wanaojifanya watu wa ofisi ya basi na kumpigia mpokeaji wamwombe "hela ya kukomboa mzigo", kwa hiyo mwambie mteja mapema kama nauli imelipwa au ataimalizia huko, na kiasi gani.

Kwa mteja wa hapahapa Mtwara, tuseme Shangani, Chikongola au Mikindani, anayelipa akipokea, boda asiwe mthibitishaji. Atafika, ataonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, ataamini, ataondoka. Utaratibu uwe huu: boda anafika na kukupigia, mteja analipa, unaangalia salio kwenye kiswaswadu, ndipo unamwambia boda atoe mzigo. Akikosea mpangilio huo nauli inakatwa, na ajue hilo kabla hajawasha pikipiki.

Simu na WhatsApp

Hakuna mfanyakazi wa mtandao wala benki anayehitaji namba yako ya siri au tarakimu zilizokuja kwa meseji. Anayekutaka upige namba yenye nyota na reli wakati mnaongea huenda anahamisha simu zako ziende kwake. Piga *#21# kuona kama zinahamishwa, na ##002# kufuta uhamishaji wote.

Kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita zisizo mwaka wako wa kuzaliwa. Angalia pia Vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Akaunti ikitekwa, wateja wako ndio wataombwa hela kwa jina lako, na "tuma kwa namba hii" ikitoka kwa muuzaji wanayemwamini watatuma.

Laini ikikosa mtandao ghafla huku majirani wenye mtandao huohuo wanaongea, usisubiri hadi kesho. Azima simu, piga 100, omba akaunti ya pesa ifungwe, kisha nenda dukani na NIDA. Huenda kuna mtu amesajili upya namba yako kwenye laini nyingine.

Ukishaibiwa

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia.

Piga 100 kwa mtandao uliotumika, uwe na namba ya kumbukumbu mkononi, uombe hela izuiwe. Andika saa uliyopiga na namba ya malalamiko utakayopewa. Kama mzigo uko njiani, ipigie ofisi ya basi usitolewe bila ruhusa yako. Kwa basi lililoondoka alfajiri bado una saa kadhaa kabla halijafika Dar, na hapa risiti yenye jina kamili inalipa gharama yake. Ujumbe wa uongo usambaze kwenda 15040, kisha fuata maelekezo yatakayorudi, yatakayotaka namba iliyokutumia.

Halafu nenda kituo cha polisi ufungue jalada na uchukue namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi), kwa kuwa mtandao na benki huitaka kabla ya kutoa taarifa za mtu mwingine. Beba kitambulisho, simu yenyewe bila kufuta kitu, daftari, na nakala za mazungumzo zilizochapishwa. Kudanganya na kughushi kwa njia hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni madai ya kawaida kati ya watu wawili.

Na kama aliyefika polisi ni yule wa pikipiki, na jina lililoandikwa ni lako, nenda mwenyewe ukiitwa, usizime simu. Peleka mazungumzo ya oda, namba iliyoagiza, risiti ya basi na jina la aliyepokea mzigo. Mpelelezi anayetafuta mtu atakuwa amepata namba mbili za kuanzia ambazo mlalamikaji hakuwa nazo.